Mrejesho: nilichagua JavaScript, siyo Python

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyeuliza, nikiwa hapa Mwanga, Kigoma: najua PHP kidogo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, je, niongeze lugha nyingine, Python, Java au JavaScript, ili nipate ajira? Wengi mlisema Python. Kaka mmoja akaniambia nisome kwanza matangazo ya kazi, nihesabu yanataka nini. Nikafanya hivyo wiki tatu, naandika kwenye daftari.

JavaScript ilijirudia kuliko zote, na karibu kila tangazo lilitaka SQL, lugha ya kutafuta na kupanga data kwenye hifadhidata, ambayo hata sikuiulizia. Nikaanza na hiyo. Kisha JavaScript: inafanya kazi ndani ya kivinjari (browser), na tangu Node.js, programu ya kuiendesha nje ya kivinjari, itoke mwaka 2009 inatumika sana kwenye seva pia, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, kwa hiyo lugha moja inakufikisha pande zote mbili.

Kilichonibeba hasa ni mfumo niliomtengenezea mama mkubwa anayeuza dagaa Kibirizi: mzigo ulioingia, wanaodaiwa, waliolipa. Kwenye usaili waliniuliza huo tu, karibu saa nzima! Nimeanza mkataba wa miezi sita, nafanyia kazi nyumbani. Kaka wa daftari, Mungu akubariki sana. Python sijaiacha, nitaigusa mkataba ukitulia.