Managu, magadi na chai kwa mjamzito mwenye damu kidogo

NyarNyalenda (Kisumu): Hamjambo wote. Dada yangu ana mimba ya miezi mitano, kliniki wamempima wakakuta hemoglobini (kipimo cha damu) ni gramu 10 kwa desilita. Vidonge vya madini ya chuma anameza. Mboga za managu (mnavu), terere (mchicha) na majani ya kunde hazikosi mezani, zimechemshwa na magadi (chumvi ya kulainishia mboga) hadi zilainike kabisa, maji yanamwagwa, kisha ugali ukiisha anateremshia chai ya maziwa. Mapishi haya yana kasoro gani?

Shamba_Kakamega: Dada, anza na chai. Tanini zake, zile zinazoipa ukakasi, hushikana na madini ya chuma tumboni, yakapita bila kufyonzwa. Aache angalau saa moja kati ya mlo na chai. Vidonge navyo ameze kwa maji, si kwa chai wala maziwa.

Chuma cha mboga ni kigumu kufyonzwa kuliko cha nyama na samaki, ila vitamini C hukisaidia sana. Kamulia nusu ndimu sufuria ikishaepuliwa, kwa sababu moto huiua vitamini hiyo, au ale na kachumbari ya nyanya mbichi. Omena (dagaa wa ziwani) kwenye mlo uleule pia huongeza ufyonzaji.

Magadi acheni. Yanalainisha majani, kweli, lakini yanaharibu vitamini C na B1, tena yanaongeza sodiamu, jambo baya kwa mjamzito mwenye presha.

JikoLaNakuru: Nakubaliana na hayo yote. Kuhusu kumwaga maji, inategemea mboga. Terere ina oksalati nyingi zinazofunga kalsiamu: itumbukize kwenye maji yanayotokota dakika tatu hadi tano, chuja, umwage. Maji ya kunde usiyamwage, folati (vitamini B9) inayeyuka humo, na mjamzito anaihitaji mno. Weka maji kidogo, funika, yakaukie humohumo. Na mboga yoyote ioshwe kabla ya kukatwa, si baada.

Kwa managu, vuna majani machanga, uondoe vitunda vyote vya kijani. Vina sumu iitwayo solanini, inayoleta kutapika na kuumwa tumbo. Majani yakiwa machungu, chemsha mara moja, mwaga, kisha kaanga. Wengi huyamiminia maziwa; ladha inatulia, lakini kalsiamu ya maziwa hupunguza ufyonzaji wa chuma. Kwa huyu dada ningetumia mafuta, kijiko cha chai kwa kila sahani. Bila mafuta, beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri.

NyarNyalenda: Asanteni sana. Tukianika kunde za kula kiangazi je?

JikoLaNakuru: Kivulini penye upepo. Jua kali huharibu beta-karotini.

Shamba_Kakamega: Nyongeza moja. Kwa mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati, kama yeye) ni upungufu wa damu, kwa hiyo asiache vidonge eti mboga zimetosha. Huko kando ya ziwa malaria na minyoo pia hupunguza damu, aombe apimwe vyote viwili. Dawa ya minyoo asijinunulie dukani, apewe kliniki.