Kabati la Neema la Los Baños

*Kikundi: FAMILIA YA MZEE – TABORA*

Neema Ufilipino: Shikamooni wazee wote, wadogo mambo. Jamani leo nimemaliza sebule 😭 miezi minne tangu tuhamie hii nyumba. Natuma picha mtazame

Neema Ufilipino: 📷 📷 📷 📷 📷

Mama: Marahaba mwanangu. Hongera sana Mungu akubariki kumependeza. Hilo lijiko na uma mkubwa ukutani ni vya kazi gani??

Neema Ufilipino: Haha mama hivyo ni pambo, huku ukiingia kwenye chumba cha kulia nyumba nyingi utakuta kijiko na uma wa mbao umetundikwa ukutani, mkubwa kama mwiko wa shughuli, na pembeni yake picha ya Karamu ya Mwisho. Mimi sikununua, nilipewa na mwenye nyumba siku ya kwanza, alisema nyumba isiyo na hivyo inaonekana kama haina chakula. Nimevipenda kwa kweli

Mama: Kumbe. Basi usivitoe

Winnie Dar: Dada Neema yaani hiyo sebule ni kama ya kwenye tamthilia. Sema ukweli umetumia sh ngapi, maana mi nahamia Kimara mwezi ujao na nina laki nane tu ya fenicha, nimeingia madukani sofa peke yake imenimaliza nguvu

Neema Ufilipino: Winnie mdogo wangu vitu vyote unavyoviona hapo ni peso elfu ishirini na kidogo, piga kama laki tisa za kwetu. Vyote mtumba kasoro godoro na jiko la gesi. Ngoja nikueleze maana nilijifunza kwa kuumia.

Huku Los Baños, huu mji wetu wa kando ya ziwa, nyumba ya kupanga unapewa kuta na sinki basi. Unalipa mwezi mmoja mbele na miezi miwili ya dhamana, siyo kama Dar wanakwambia miezi sita, kwa hiyo kidogo hela inabaki, lakini unaingia unakuta mwangwi tu. Wiki mbili tumelala juu ya banig, ni mkeka kabisa ule ule unaoujua wewe, umesukwa na kutiwa rangi, mama ungeuona ungesema umetoka Pemba. Na viti vyetu vilikuwa vile vya plastiki vyeupe wanaviita monobloc, viko kila harusi kila msiba, jirani alituazima vinne

Kaka Baraka: Hivyo viko dunia nzima aisee hata hapa tumekalia sasa hivi

Neema Ufilipino: Sasa maduka makubwa ya mjini yana fenicha mpya za bei rahisi, zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Nikanunua stendi ya tv moja. Mvua za mwezi wa saba zilipoanza, na huku unyevu hauondoki mchana wala usiku, ile stendi ilivimba miguuni kama andazi, kuipigapiga kidogo ikamomonyoka. Ndo nikaapa, sinunui tena kitu ambacho sijui ndani yake kuna nini

Shangazi Mwajuma: Hata hapa zipo hizo. Ukihama nayo mara moja imekwisha

Neema Ufilipino: Ndiyo shangazi. Basi jirani yangu, huwa namwita ate yaani dada mkubwa, huku huwezi kumwita mtu mzima jina lake kavu na ukiongea nae unachomeka "po" kila baada ya maneno mawili ndo heshima yao, akanipeleka kwenye duka wanaita Japan surplus. Winnie ni kama mitumba yetu ila ya vitu vya nyumbani. Kontena zinatoka Japani zimejaa makabati, droo, meza fupi, sahani, vikombe, baiskeli, hadi midoli. Maduka hayo yamejaa Ufilipino nzima, miji midogo mpaka Manila. Hiyo droo ya chini ya dirisha yenye vyuma vyeusi pembeni nimeipata peso 1,800, mbao kweli, inateleza ukifungua hausikii

Winnie Dar: 1,800 ni ngapi hiyo

Neema Ufilipino: Elfu themanini hivi

Winnie Dar: 😳

Neema Ufilipino: Ila hapo hapo nikafanya kosa. Kulikuwa na jiko la umeme la kupikia wali, zuri, safi kama jipya, peso 400. Muuzaji hakuniambia kitu nami sikuuliza. Nimefika nyumbani nikachomeka, plagi ikaingia vizuri kabisa maana soketi za huku ni za pini mbili bapa kama za Japani. Sekunde chache harufu, moshi, kimya. Mtoto alikuwa amesimama karibu. Nilitetemeka

Kaka Baraka: Hiyo ni volti dada. Japani wanatumia 100, Ufilipino 220. Plagi kuingia haimaanishi umeme unafaa. Ukitaka kutumia cha Japani lazima transfoma ya kushusha, na kwa vitu vya kupasha joto kama jiko au pasi inatakiwa transfoma kubwa ambayo bei yake inazidi hilo jiko. Angalia nyuma ya kifaa kuna kibandiko, kama kimeandikwa 100V peke yake acha palepale

Neema Ufilipino: Ndo nilivyoelezwa baadae. Sasa hivi kwenye Japan surplus nanunua mbao, vyombo na nguo za mezani, kitu chenye waya sigusi

Baba: Neema. Hilo kabati refu picha ya tatu. Ni mbao gani?

Neema Ufilipino: Baba nilijua utauliza tu 😊 Hiyo ndo habari yenyewe. Wao kabati la nguo wanaliita aparador, limetoka kwa mama mmoja mzee anahamia kwa mwanae Manila, aliliweka kwenye group la uza nunua la huku mtaani, bei peso 5,000. Huku mtu wa kwanza kuandika "mine" chini ya picha ndo mwenye mali, hata kama ni saa nane usiku. Niliandika mine saa kumi na moja alfajiri nikimnyonyesha mtoto. Kumbe alikuwa na vitu vingi vya kuuza na mimi ndo nilikuwa mnunuzi wake wa kwanza siku ile, wana kitu wanaita buena mano, mteja wa kwanza hapingwi sana maana akiondoka mikono mitupu siku nzima inakuwa nzito

Shangazi Mwajuma: Si ndo nipe bei ya kufungulia duka. Sokoni hapa kila siku

Neema Ufilipino: Hiyo hiyo shangazi! Nikasema "tawad po" yaani punguza, akashusha mpaka 3,500. Vijana wa mtaa sita wakalibeba kwa mikono kutoka kwake mpaka kwangu, hawakutaka hela, niliwapikia tu pilau. Ate akaniambia zamani walikuwa wanabeba nyumba nzima ya mianzi mabegani mtu akihama, wanaita bayanihan. Na mbao baba ni narra

Baba: Siijui. Nzito?

Neema Ufilipino: Nzito sana. Rangi kati ya asali na nyekundu. Ukiukata mti wake unatoa utomvu mwekundu kama damu

Baba: Kama mninga.

Neema Ufilipino: Baba SIYO KAMA. Nilimuuliza mwenzangu mmoja wa hapa chuoni anasoma misitu, akaniambia narra na mninga ni jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa miti, wote ni Pterocarpus, mmoja indicus mwingine angolensis. Ni ndugu wa damu. Nilisimama mbele ya kabati nikaweka kiganja nikakumbuka karakana, ile meza yako ya kupigia randa. Nililia kidogo nisidanganye

Mama: Pole mwanangu

Baba: Lete picha ya ndani ya droo. Pembe.

Neema Ufilipino: 📷

Baba: Hamna msumari. Meno kwa meno. Aliyetengeneza alikuwa fundi. Hapo chini naona unga mweupe.

Neema Ufilipino: Ndiyo huku wanaita bukbok, wadudu wanaotoboa mbao. Kuna vitundu kama saba kwenye mguu wa nyuma. Mchwa wanaitwa anay lakini mchwa hakuna nimekagua

Baba: Fukusi. Hao hawali narra yenyewe wanakula ule ubao mweupe wa nje ya gogo, fundi aliuacha kidogo mguuni. Dawa ya mbao unaingiza kwa sindano ya hospitali kila tundu, siku tatu mfululizo, halafu unaziba kwa nta. Ukiona unga tena baada ya mwezi niambie. Usilale chumba hicho siku ya dawa, mtoto atoke kabisa.

Neema Ufilipino: Sawa baba, dawa zipo duka la vifaa vya ujenzi

Winnie Dar: Mi mnisamehe wazee ila hilo kabati ningelipiga rangi nyeupe. Mitandaoni nimeona wengi wanafanya hivyo, wanachukua kabati la zamani wanalipaka nyeupe na vishikio vya dhahabu nyumba inang'aa inaonekana kubwa

Neema Ufilipino: Winnie hata mimi ndo ilikuwa plani! Rangi nilishanunua ipo store. Huku nako ndo mtindo, nyeupe kila mahali. Ndo maana nimeleta hapa kabla sijafungua kopo

Baba: Usipake.

Baba: Nisikilizeni watoto. Miaka ya themanini nilikuwa nanunua mninga Urambo na Sikonge, ubao mmoja upana futi nzima hauna kifundo. Leo naletewa vijiti vya upana wa kiganja na bei imepanda mara nyingi sana. Miti mikubwa imeisha na mti huo haukui kwa haraka, anayepanda leo atakayevuna ni mjukuu. Neema uliza huko narra kama bado inakatwa.

Neema Ufilipino: Haikatwi hovyo baba. Ni mti wa taifa lao, na tangu 2011 serikali ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya asili nchi nzima. Narra nyingi zinazouzwa mtaani ndo hizi za nyumba za wazee

Baba: Basi umenunua mbao ambayo haipatikani kirahisi tena. Ukipaka rangi unaifunika, na kwa unyevu wa huko rangi itabanduka vipande, kuja kuitoa ni kuikwangua mbao yenyewe. Osha kwa maji ya sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa. Kausha kivulini siyo juani itapasuka. Msasa namba 120 halafu namba 240, fuata nyuzi za mbao usikate. Kisha vanishi nyembamba mara mbili. Nyembamba.

Winnie Dar: Sawa baba mkubwa nimeelewa 🙏🏾

Neema Ufilipino: Na nilete kitu kimoja cha ajabu. Mlinzi wa hapa mtaani alikuwa seremala, aliponiona natilia shaka kama ni narra kweli akakwangua nyuma ya mguu vumbi kidogo, akatia kwenye glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi akaiweka juani nyuma yake akasimamisha shati jeusi. Yale maji jamani yakawa na bluu, bluu ya mbali kama moshi wa jiko, ukiyainua kutazama mwanga kupitia kwenye glasi yanakuwa rangi ya chai. Hii hapa

Neema Ufilipino: 📷

Mama: Subhana

Baba: Miaka arobaini sijawahi kuona hii. Kesho najaribu na mninga.

Kaka Baraka: Na viti vya picha ya pili vyenye matundu matundu?

Neema Ufilipino: Hivyo ni henzerani iliyosukwa, wanaita solihiya. Vilikuwa vimetoboka makalio, peso 250 kila kimoja, baba mmoja akavisuka upya. Yeye alifanya kazi mbele yangu, analowanisha henzerani kwanza ndo anasuka, ikikauka inajikaza yenyewe kama ngoma. Kwa joto la huku ukikalia hewa inapita mgongoni, sofa ya sponji ningekufa. Na meza wao wanaita mesa, eti neno moja na letu, wao kutoka kwa Wahispania sisi kutoka kwa Wareno

Shangazi Mwajuma: Maji ya ziwa hayafiki hapo kwako?

Neema Ufilipino: Hapana shangazi sisi tuko juu upande wa mlima, wanaopata shida ni wa chini karibu na ziwa. Hata hivyo msimu wa vimbunga kila kitu cha mbao nakiinua juu ya matofali, ate ndo alinifundisha

Shangazi Mwajuma: Vizuri. Winnie. Stoo kwangu kuna kitanda cha mninga cha marehemu bibi yenu. Nimekiegesha ukutani tangu mwaka juzi. Usinunue kitanda

Winnie Dar: MINE

Winnie Dar: Shangazi mine mine mine nakuja nacho kwa basi la mizigo hata kesho

Kaka Baraka: Nilikuwa naandika mimi 😩

Baba: Kitanda kile nilikitengeneza mimi. Nitapita Jumamosi kukagua. Chaga zote saba zipo?

Shangazi Mwajuma: Sita. Moja tulikatia mpini wa jembe