Sintaksia mwaka wa pili: nianze na matawi au na maneno ya watu?

MwlWaWete:
Asalaam aleikum wanajamvi. Nafundisha sintaksia, yaani muundo wa sentensi, hapa Unguja, muhula huu nimeambiwa nisiishie kwenye sarufi zalishi (ya kanuni zinazozalisha sentensi), niingize na mikabala ya matumizi (inayoanzia kwa watu wanavyosema). Shida yangu nikianza na mwanaisimu Chomsky wa 1957, sentensi (S) ni kundi nomino (KN) na kundi tenzi (KT), wiki ya tatu darasa zima lishajua kuchora matawi, ule mti wa kugawa sentensi, lakini ukimuuliza mtu mti huu unatwambia nini kuhusu Kiswahili anakutolea macho. Mwaka jana nikageuza nikaanza na mwanasaikolojia Tomasello, kwamba mtoto anaokota lugha kipande kipande kwa anavyosikia, wakaipenda, ila baadae hakuna aliyetaka kuchora tena, ati ya nini. Nyie mnaanzaje?

BintiChake:
Waaleikum salaam maalim. Mie siku hizi sianzi na mtu, naanza na dau, hiki chombo cha baharini. Andika ubaoni "dau limeingia maji" halafu nyamaza. Kilichoingia nini? Maji. Sasa hiyo li- ya nani? Ya dau! Hapo mti unapata kazi, maana lazima mtu aeleze maji yamekosaje upatanisho kwenye kitenzi, na dau nalo limefikaje mahali pa kiima. Kisha waache watoe yao, mie nilipewa kiatu kimeingia mchanga, mchele umeingia wadudu, jicho limeingia sabuni, na mmoja simu imeingia maji (ilimtumbukia Forodhani, machungu bado anayo). Halafu waandikie "dau limeingia nahodha". Watacheka tu. Kanuni ya kuhamisha neno kwenye mti peke yake haikwambii kwa nini wamecheka, ndo unamleta mwanaisimu Goldberg wa 1995, kwamba muundo wenyewe una maana yake, hapa ni kitu kuingiliwa na kisichotakiwa.

Nahodha_mstaafu:
Dada yangu, na "dau hili linaingia watu kumi" je? Abiria nao uchafu?😂

BintiChake:
Hapo umenikamata yakhe. Ila tazama, hiyo inataka idadi, na ni habari ya nafasi, si ya kilichotokea. Sasa ni muundo mmoja au miwili? Mie nasema miwili, wa matawi atakwambia mmoja, waache wagombane wiki nzima, ndo somo lenyewe hilo.

kijana_wa_Mwera:
Yote mazuri lakini mtihani unauliza matawi. Sie tulifundishwa nadharia zote mbili kwa mwalimu kusoma notsi, umilisi (lugha iliyo kichwani) huku, utendaji (lugha inavyosemwa) kule, tukakariri tukafaulu mpaka leo sijui tofauti. Mngetutuma tukasikilize watu sokoni Darajani tungeelewa. Kuna mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili kule Helsinki, Finland, mzuri kwa kuhesabu, ila mwingi ni magazeti na vitabu, mambo ya mchele na wadudu utayapata sokoni.

MwlWaWete:
Ahsanteni. Jumatatu naingia na dau, daftari la kusikilizia nawapa siku hiyohiyo na matawi yatafuata yakihitajika. Nimeshajaribu nyumbani, nimemuuliza mama "mji umeingia wageni" inasemeka? Kanambia inategemea wageni gani. Sasa hii naiweka kundi gani?