Naombeni ushauri: hesabu za visima vya Marekani zinaninyima usingizi mwezi huu

KaraniWaMuyeye:
Assalaam aleikum wanajukwaa, na wasio Waislamu pia nawasalimu. Niko Malindi, na kwa miaka miwili sasa kazi yangu ni ya mtandaoni: ninaandaa hesabu za gesi inayotoroka hewani kutoka visima vya mafuta vya bonde la Permian, huko Texas na New Mexico. Kwa sheria ya Marekani, mzalishaji ambaye visima vyake vyote vya bonde moja, vikijumlishwa, vinatoa tani 25,000 au zaidi kwa mwaka kwa kipimo cha kaboni dioksidi, hulazimika kupeleka ripoti ya mwaka uliotangulia kwa shirika lao la kulinda mazingira, EPA, kila ifikapo tarehe 31 Machi. Mwaka huu wa 2024 tarehe hiyo imeangukia Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu, tarehe 1 Aprili. Mimi si mhandisi. Napokea orodha ya vifaa vya kila kisima, naipanga na kuipigia hesabu, kisha mhandisi wao huipitia na mkubwa wao hutia saini.

Swali langu ni dogo. Msimamizi wangu hutoa maelekezo kwa simu tu, hataki kuandika. Je, nikimwomba ayaandike nitaonekana simwamini? Nauliza kwa sababu siku zimebaki chache, na daku siku hizi inanikuta macho.

BintiLangoni:
Kaka, mwombe ayaandike, tena leo. Sisi wa Lamu tulijifunza uzito wa karatasi wakati wa ule mtambo wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa nene kama tofali, lakini Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Maneno ya mkutanoni hayakusaidia upande wowote; kilichotazamwa ni kile kilichoandikwa na kile ambacho kilipaswa kuandikwa kikakosekana. Na wewe je, una mkataba? Hilo ndilo ningeanza nalo.

MzeeWaDau:
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Nilikuwa karani wa mizani ya samaki, miaka hiyo kamba wanashuka kwa matenga. Tajiri wetu alikuwa na desturi ya kuegemea mizani huku akizungumza, mkono wake juu ya sahani, na mimi naandika ninachokiona kwenye mshale. Siku mvuvi mmoja alipokuja na mizani yake ya nyumbani, tajiri alisema, "Muulizeni karani, mwandiko ni wake." Na kweli ulikuwa wangu. Sina zaidi ya hilo.

Hesabu_Kali:
Wote mmejibu vizuri, ila ndugu hajatuambia maelekezo yenyewe ni yapi. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya adabu ya barua pepe.

KaraniWaMuyeye:
Ni ya kupanga vifaa upya. Kisimani kuna vidhibiti vinavyofungua na kufunga vali kwa nguvu ya gesi yenyewe ya kisima, na kila kikifanya kazi hupumua kidogo hewani. Kuna aina inayovuja kidogo mfululizo, ambayo kanuni huihesabia futi za ujazo 1.39 kwa saa, na aina inayotoa kwa vipindi, ambayo huhesabiwa futi 13.5. Msimamizi anasema baadhi ya vya aina ya pili viliandikwa kimakosa na vinapaswa kuhamia ya kwanza. Inawezekana kabisa anasema kweli, maana watu wa kisimani hukosea.

Mkandaa_2:
Wanajukwaa, kabla hamjawahesabia Wamarekani, nani amewahesabu punda wa Lamu? Kwa pale ufukweni peke yake tungepita tani 25,000 kabla ya adhuhuri.

Ustadh_Barani:
Tusifanye mzaha katika mwezi huu. Mwenyezi Mungu amewaonya wanaopunja vipimo kwa sura nzima, na aya hazikutaja ngano wala tende peke yake. Kipimo ni kipimo, hata cha hewa. Ndugu yangu, usiguse faili hilo.

Hesabu_Kali:
Ustadh amesema "usiguse", nami nadhani amechelewa. Ndugu, umeshavihamisha ama bado?

KaraniWaMuyeye:
Nimevihamisha. Alhamisi iliyopita, vidhibiti 140, na nikaweka alama kwamba vimekaguliwa. Jumla ilishuka kutoka tani 29,600 hivi hadi 23,900 hivi. Sikuona haja ya kulitaja mwanzoni kwa sababu swali langu lilikuwa jingine. Na kwa kuwa mmenibana, niseme pia kwamba akaunti ninayofanyia kazi si yangu, ni ya binamu yangu aliyeko Ohio. Mimi nafanya kazi, yeye anachukua sehemu yake, na wengi humu mnajua mambo haya yanavyokwenda. Nililipwa bonasi ya shilingi 40,000 na nimeshanunua mabati, kwa sababu nyumba ya mama inavuja na masika yako mlangoni. Naombeni mnihukumu kwa haki: sikutia saini, sikuamua, na mhandisi ana macho yake.

BintiLangoni:
Yaani jina lililo kwenye alama ya ukaguzi ni la binamu, na yeye hajui? Kaka, hapo umemtia mwenzako baharini bila kumwambia kama anajua kuogelea.

Nahodha_Mstaafu:
Mimi nasema hadithi hii ni ya kutunga, na mtungaji amesoma nusu ya kanuni. Mzalishaji aliyekwisha kuingia katika utaratibu huo haponyoki kwa kushuka chini ya 25,000 mwaka mmoja. Anaendelea kuripoti hadi akae chini ya kiwango hicho miaka 5 mfululizo, au chini ya tani 15,000 miaka 3 mfululizo. Sasa mtu akufanyishe uongo na akulipe bonasi ili apate nini? Halafu tuamini kwamba hesabu hizo zinapigwa Muyeye, chini ya feni, na kijana asiyekuwa na akaunti yake. Tumeshaletewa nyuzi nyingi humu za kuchangamsha saumu.

Mkandaa_2:
Nahodha amepiga mbizi. Mwenye uzi ajitokeze na ushahidi au atulipe futari.

KaraniWaMuyeye:
Mzee Nahodha, kuhusu miaka 5 uko sahihi, na ripoti hii itapelekwa ikiwa na tani 29,000 au 23,000, vyovyote vile. Jambo ni la mwakani. Sheria ya Marekani ya Agosti 2022 imeweka tozo juu ya methani inayopotea, yaani ile iliyo sehemu kubwa ya gesi ya kisima: dola 900 kwa tani kwa gesi ya mwaka 2024, dola 1,200 kwa ile ya 2025, na dola 1,500 kuanzia ya 2026. Wanaoguswa ni wanaoripoti zaidi ya tani 25,000. Mzalishaji akishuka ghafla mwakani ataulizwa; akianza kushuka katika hesabu za 2023 atakuwa ameshajitandikia mkeka. Hayo hakuniambia mtu, nimeyaelewa mwenyewe usiku.

Kama mnataka hesabu, hizi hapa. Vidhibiti 140 kwa saa 8,760 za mwaka kwa futi 13.5 ni futi za ujazo 16,556,400. Vilevile kwa 1.39 ni 1,704,696. Chukua tofauti, toa kisicho methani, geuza kuwa tani, kisha zidisha kwa 25, maana ndivyo kanuni inavyoipima methani dhidi ya kaboni dioksidi. Utafika kwenye tani 5,700 hivi.

Na kuna picha. Kwa kila kifaa watu wa kisimani hupiga picha ya kibati cha jina. Nyingi hazisomeki kwa jua na vumbi, lakini kimoja, cha mstari wa 88, mtu amekifuta kwa kidole, alama ya kidole inaonekana kabisa katika uchafu, na aina yake imeandikwa pale: ni ya vipindi. Nilikitazama muda mrefu. Kisha nikakihamisha pamoja na vingine.

Nahodha_Mstaafu:
Hiyo ya kidole sikuitegemea. Nakaa kimya kwa sasa, ingawa picha yenyewe sijaiona.

Hesabu_Kali:
Iwe ya kweli au ya kutunga, jibu ni lile lile, kwa hiyo nalitoa. Kwanza, "sikutia saini" si ngao. Anayetia saini anathibitisha kilichotoka kwako, na Sheria yao ya Hewa Safi inaweka kifungo cha hadi miaka 2 kwa anayetoa taarifa ya uongo kwa kujua. Wakianza kuuliza nani alijua, watafuata alama ya ukaguzi, na alama hiyo itawapeleka Ohio. Pili, usidhani hakuna atakayeangalia. Tarehe 4 mwezi huu huu imerushwa setilaiti ya MethaneSAT kutoka Vandenberg, California, na kazi yake ni kutazama methani juu ya maeneo ya mafuta kama hilo bonde lako. Haitahesabu vidhibiti kimoja kimoja, lakini jumla ya eneo ikipishana mno na ripoti, maswali yatakuja. Tatu, na hili ndilo la kukufaa: ripoti haijapelekwa. Hata ingekuwa imepelekwa, kanuni inampa mzalishaji siku 45 kuwasilisha ripoti iliyosahihishwa tangu agundue kosa kubwa. Mwandikie mhandisi, si msimamizi. Mtajie mstari wa 88 na umwambatishie picha.

KaraniWaMuyeye:
Mhandisi akijua, kazi imekwisha, na ya binamu pia. Mabati hayarudishwi dukani. Na bado inawezekana 139 vilivyobaki msimamizi alikuwa sahihi.

Ustadh_Barani:
Inawezekana. Basi mwambie mhandisi avitazame vyote 140, akukute na ukweli wako mmoja mkononi.

MzeeWaDau:
Mwanangu, yule mvuvi wa mizani hakunichukia mimi. Alinionea huruma, na hilo lilinikaa zaidi.

KaraniWaMuyeye:
Nimeandika barua, kwanza kwa Kiswahili ili nijue ninachosema, kisha nitaitafsiri. Nimekwama kwenye sentensi ya pili. Nimeandika: "Vidhibiti 140 vilihamishwa tarehe 21 Machi."

Hesabu_Kali:
Andika "nilivihamisha".

KaraniWaMuyeye:
Naiacha hivyo kwa sasa. Adhana hiyo inaita, na kule Ohio bado ni asubuhi. Nikishafungua kwa tende nitampigia binamu kwanza.