Naomba ushauri: nihame Debian niende Gentoo?

Kipanga:
Wanajukwaa, salaam. Ninatumia Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 na prosesa ya viini vinne, na haijanipa tabu yoyote. Hata hivyo nimevutiwa na Gentoo, mfumo mwingine wa Linux ambao mtumiaji hukompaili programu mwenyewe, yaani huzigeuza kutoka msimbo chanzo kuwa programu zinazoendeshwa, kwa sababu nasikia huifanya mashine iwe nyepesi zaidi. Kompyuta hii ndiyo ninayofanyia kazi kila siku, kwa hiyo siwezi kuiacha ikikompaili kutwa nzima. Je, kuna faida ya kweli?

Nahodha:
Ndugu Kipanga, ikiwa unafuata kasi peke yake, nakushauri ubaki ulipo. Programu nyingi muda wake huishia katika kusubiri diski, mtandao au wewe mwenyewe ubonyeze kitu, na hapo kukompaili kwa ajili ya prosesa yako hakuongezi chochote cha maana. Hata FFmpeg, ambayo kwa kazi yake ya video ungetarajia inufaike sana, hutambua uwezo wa prosesa inapoanza na kuchagua njia inayofaa, hata kama aliyeikompaili ni mtu mwingine.

Faida ya Gentoo iko kwenye chaguo za USE, ambazo kwazo unaamua ni uwezo gani uingie katika programu na upi uachwe. Asiyetumia Bluetooth wala printa huandika "-bluetooth -cups" katika make.conf, faili ya mipangilio ya Gentoo, na tangu hapo programu zenye chaguo hizo hujengwa bila sehemu hizo, wala maktaba ambazo zingevutwa kwa ajili yake pekee hazisakinishwi. Kama huna kitu cha aina hiyo unachokitamani na Debian inakunyima, sioni sababu ya kuhama. Udadisi nao ni sababu halali, lakini haudai ufute mashine ya kazi.

Fundi Saa:
Niongeze suala la RAM. Kanuni inayofuatwa ni GB 2 kwa kila kazi inayokwenda sambamba, kwa hiyo kwako MAKEOPTS, mpangilio unaotaja idadi ya kazi hizo, isizidi "-j4" (yaani kazi nne), na ukiwa umefungua kivinjari upunguze tena. Programu ndogo humalizika upesi. Mzigo ni programu kubwa kama Chromium, LLVM, Rust na WebKitGTK, ambazo huweza kula saa nyingi, na RAM ikijaa katikati kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huua mchakato na ujenzi hushindwa. Nafuu ni kwamba tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa rasmi vifurushi vingi vilivyokwisha kukompailiwa, kwa prosesa za aina ya amd64 na arm64.

Kipanga:
Nashukuru. Sasa nikichukua vifurushi hivyo, nitakuwa nimeiacha Debian kwa lipi?

Fundi Saa:
Ukiruhusu vifurushi hivyo, Portage, programu ya Gentoo ya kusakinisha vifurushi, hulinganisha chaguo zako za USE na zile zilizotumika kukitengeneza kifurushi: zikiwiana hukipakua, zisipowiana hukompaili. LLVM utaichukua tayari, na jasho litakwenda kwenye programu ulizozigusa mwenyewe. Kinachonitia wasiwasi kwako ni masasisho, kwa maana Gentoo hubadilika mfululizo, na ukikaa miezi mingi bila kusasisha, utegemezi wa vifurushi hufungana mafundo yanayohitaji subira kuyafungua.

Nahodha:
Jaribu bila kuhama. Fungua kifurushi cha stage3, yaani mfumo wa msingi wa Gentoo uliokwisha kujengwa, ndani ya saraka moja ya Debian, kisha uingie humo kwa chroot, amri inayoifanya saraka hiyo ionekane kama mfumo mzima. Usakinishaji wa kawaida nao hupita njia hiyo hiyo. Weka chaguo zako, tumia "emerge --pretend", amri ya Portage, uone orodha ya vitakavyojengwa, halafu ukompaili chache unazozitumia huku ukipima muda. Kerneli na uwashaji hutavijaribu hivyo, kwa kuwa kerneli itakayofanya kazi ni ya Debian.

Kipanga:
Nitafanya hivyo. Nichukue stage3 ya OpenRC au ya systemd, hizi programu mbili za kuanzisha na kusimamia huduma za mfumo?

Nahodha:
Ya systemd, kwa kuwa ndiyo Debian iliyokuzoesha.