Mjadala: Mbwa wakubwa wa ulinzi mitaani Mwanza, wapigwe marufuku?

Mleta mada, Buswelu

Wakuu, habari za jioni. Kwenye mkutano wa mtaa wetu, baada ya habari za maji na barabara, mzee mmoja alisimama akataka mbwa wakubwa wa ulinzi wasifugwe kabisa mtaani. Kisa chake ni Boerboel wa nyumba moja, aliyechomoka getini wakati gari linaingia na kumrukia kijana wa bodaboda. Hakumng'ata, ila kijana alianguka akavunjika mkono. Nusu ya mkutano walipiga makofi, nusu wakaguna. Mwenyekiti katupa mpaka mkutano ujao tuje na maoni.

Msimamo wangu: napinga marufuku, lakini nataka sharti moja lisilo na mjadala. Asiyeweza kumshika mbwa wake kwa mkono wake mwenyewe, asimfuge. Hapa kwetu bosi ananunua mbwa kwa pesa ndefu, anamkabidhi kijana wa kazi, basi. Naijua nyumba ambayo mwenye nyumba anakaa ndani ya gari, vioo juu, anapiga honi mpaka kijana atoke amfungie mbwa bandani. Mbwa huyo bosi wake ni nani?

Tujue pia tunamzungumzia mnyama gani. Boerboel ni wa Afrika Kusini, alizalishwa kulinda mashamba, na dume huvuka kilo 70 bila shida. Kangal ni wa Uturuki, na Caucasian Shepherd, yule mwenye manyoya mazito, ni wa milima ya Kaukazi. Hao wawili kazi yao ni kulala na kondoo na kuwakabili mbwa mwitu. Hawakuzalishwa kusubiri amri. Mchungaji amelala, mbwa anaamua mwenyewe nani adui. Namibia, tangu 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa jamii ya Kangal walinde mbuzi, na duma wanapona kwa sababu mfugaji hana tena haja ya kuwapiga risasi. Huko mbwa ana malisho na kazi ya kutwa. Mlete kwenye kiwanja kimoja cha Kiseke, kazi pekee aliyonayo ni geti na kila anayepita mbele yake.

Mama wa Kiseke

Kijana wangu umeandika vizuri, lakini mimi nasimama na huyo mzee. Wanangu wanapita kwenye kichochoro cha nyuma ya ukuta kwenda shule. Mbwa akilipiga geti, bati linalia, watoto wanakimbilia barabarani kwenye daladala. Mbwa hajamgusa mtu, lakini siku gari likimpitia mtoto mtasema kosa ni la dereva. Denmark mwaka 2010 walipiga marufuku aina 13, Boerboel na Kangal wakiwemo. Uingereza wana sheria yao ya kupiga marufuku aina za mbwa tangu 1991. Kama wao wameshindwa kuwaamini wenye mbwa, sisi tunawaamini kwa lipi?

Mleta mada

Mama, shikamoo. La watoto nalikubali lote, na nitalirudia. Ila Uingereza hiyo hiyo ni ushahidi wa upande wangu. Orodha ya 1991 ilikuwa na aina nne, na Boerboel hayumo mpaka leo. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwishoni mwa 2023, wakalazimika kuongeza XL Bully, mbwa ambaye orodha ilipoandikwa hakuna aliyekuwa akimzungumzia. Ukifuta jina moja, anayetaka mbwa wa kutisha anatafuta jina lingine. Nani hapa mtaani atajua kutenganisha Boerboel na chotara wake? Mtendaji atapima kichwa kwa rula?

Wa Igogo

Niseme mimi niliyekuwa huyo kijana wa kazi. Nililea mbwa wawili kwa bosi mmoja upande wa Capri Point, mmoja ni huyo wa Kaukazi. Mchana jua la Mwanza linapiga kwenye mawe, mbwa ana manyoya ya baridi, banda ni la bati. Alikuwa anahema ulimi nje, mate yanadondoka, hataki kula mpaka jua lizame. Nikahamishia chakula alfajiri na usiku, nikamchimbia shimo chini ya mwembe nikawa nalilowanisha maji. Hakuna aliyenifundisha, nilimwangalia tu.

Chakula kilikuwa dona na vichwa vya sangara kutoka mwaloni Kirumba. Navichemsha, navimenya kwa vidole nyama ikiwa bado ya moto, mfupa mmoja mmoja, maana mfupa uliopikwa unachoma koo na utumbo. Bosi akaanza kuleta mahindi ya bei chee yenye ukungu, anasema ni ya mbwa tu. Yule mdogo akaacha kula, macho na ufizi vikawa njano, akafa. Daktari akasema ni ini, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa kwenye mahindi.

Kuogesha, tuliagizwa ziwani, kuokoa bili ya maji. Nasimama maji ya kiunoni namsugua kupe. Baadaye nikawa naumwa tumbo na kutoa damu kwenye choo, nikakutwa na kichocho. Mbwa alikuwa na kadi ya chanjo na daktari wa kumfuata nyumbani. Mimi sikuwa na bima, na dawa nilinunua kwa mshahara wangu. Kwa hiyo mkiandika masharti, mwandikeni na anayemlisha.

Daktari wa mifugo, Nyamagana

Pole sana mdogo wangu. Na huo ufizi wa njano usipuuzwe na yeyote: mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa, na mbwa huathirika haraka.

Nianze na kichaa cha mbwa, maana kinaua na hakijali aina wala ukubwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Zaidi ya asilimia 95 ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi yanakatika. Lengo la dunia ni kufikia 2030 asife mtu kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Mkimfukuza Boerboel mmoja aliyechanjwa mkaacha mbwa wa jalalani ambao hawajaguswa, hamjawalinda watoto.

Kwa wenye mbwa hawa: mfupa wa mtoto wa mbwa hawa unakua mpaka miezi 18 hadi 24. Msimnenepeshe ili aonekane simba, na msimrundikie kalisiamu. Nyonga na viwiko ndivyo vinavyolipa. Mpe milo miwili au mitatu badala ya sufuria moja la usiku. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, ni tumbo limejipinda. Hapo una saa chache tu, usisubiri asubuhi.

Na mnyororo wa kutwa nzima unamharibu mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamhusu na yeye.

Mzee wa Igoma

Miaka ya 1980 sungusungu ilipoanza huku Usukumani, ulinzi ulikuwa filimbi na watu. Mwizi aliogopa mtaa mzima. Leo kila mtu ana ukuta wake na mbwa wake, na ukipiga yowe hakuna anayetoka. Mimi sipingi mbwa. Napinga jirani aliyejificha nyuma yake.

Mleta mada

Mzee, shikamoo, neno lako nalibeba kama lilivyo. Haya ndiyo nitakayopeleka. Mwenye mbwa aandikishe jina lake kwa mtendaji, akiwa na kadi ya chanjo. Awe na geti la pili kwa ndani, ili la nje likifunguliwa gari liingie mbwa asifike barabarani, na ukuta wa upande wa kichochoro uwe na kizuizi mbwa asilifikie bati. Hilo ni kwa ajili ya wanao, mama. Kisha mwenyekiti afike, mwenye mbwa amtoe mwenyewe kwa kamba, amkalishe, amwangalie meno mbele yetu. Akishindwa, apewe muda wa kujifunza. Akishindwa tena, mbwa atafutiwe anayemmudu. Na anayemhudumia mbwa atibiwe kwa gharama ya bosi.

Palipobaki pagumu ni milimani kama Mabatini, nyumba zimebanana kwenye mawe na hakuna ukuta. Huko nakubaliana na marufuku, sioni njia nyingine.

Mama wa Kiseke

Geti la pili nimelipenda. Lakini mkono wa yule kijana wa bodaboda analipa nani? Sijaona.

Mleta mada

Nimeongeza sasa hivi: matibabu na siku za kazi alizopoteza aliyeumia ni juu ya mwenye mbwa, hata kama geti aliliacha wazi mfanyakazi. Mkutano ni Jumapili saa kumi. Wa Buswelu msikose, na mwenye Boerboel wetu nimemwomba aje.