Mwanangu anauliza: nyumbu kwao ni wapi?

Mama Nasra
Jamani nisaidieni. Nasra, miaka 6, kaona kwenye TV nyumbu wakivuka Mto Mara, mamba wanawadaka. Kaniuliza, "Mbona hawakai kwao?" Nikamwambia wanafuata majani. "Si wabaki hukohuko kwenye majani?" Nikaishiwa. Halafu bibi yake kahamia kwetu juzi kutoka Tanga, sasa anataka kujua bibi naye kafuata majani gani.

Dereva wa Seronera
Dada, huyo mtoto usimnyamazishe. Miaka 11 naendesha watalii Serengeti, sijaulizwa swali zuri hivyo.

Mwambie kwao ni kote wanakopita. Wako zaidi ya milioni moja, hakuna mahali pamoja pa kuwatosha mwaka mzima. Januari hadi Machi wako kusini, Ndutu. Majani ya huko ni mafupi lakini yameota kwenye majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro, yana madini, mama anapata maziwa. Ndama wengi wanazaliwa Februari, ndani ya wiki tatu hivi, wengi mno hata fisi wanashiba na kuwaacha. Ila mvua za masika zikikatika, vidimbwi vinakauka. Hapo ndipo safari inapoanza, magharibi kwanza, kisha kaskazini kwenye Mto Mara usiokauka. Vuli ikinyesha, Novemba, wanageuka.

Mpe mfano wa sinia la wali. Watoto wakimaliza upande huu, si wanasogea upande wa pili? Sinia hili linajijaza nyuma yao, mvua ndiyo inayopakua. (Pundamilia ndiye anayetangulia kula majani marefu, lakini hilo mwachie akifika darasa la tatu.)

Mtu wa Kojani
Sisi Pemba tuna neno lake: dago. Msimu wa kaskazi baba na wenzake walipakia nyavu, unga na sufuria, wakaenda kupiga kambi miezi kadhaa pwani ya Kenya, samaki waliko. Mama tulibaki naye. Baba hakuhama, alikuwa dago, na siku ya kurudi tulimpokea majini.

Kuhama ni pale mtu anapobeba mpaka kinu. Bibi kaja na nini?

Mama Nasra
Kinu. Na mbuzi ya nazi, na kuku wawili.

Ahsanteni. Nasra keshachora sinia, nyumbu wamelizunguka. Mamba kamweka kwenye bakuli la mchuzi.